Sentensi ya Asubuhi

Struan hajawahi kukaa kitako tangu azaliwe. Mama yetu alikuwa akisema mtoto yule alianza kumpiga mateke tumboni, na alipotoka akahamishia mateke kwenye kitanda. Mimi ni dada yake, Una Petrie, nimemtangulia kwa miaka saba, na tunaishi pamoja ghorofa ya kumi na moja huku mtaa wa Lochee, mjini Dundee, tangu mke wake alipomchoka. Ukinisikia namsema vibaya, usidakie. Mimi nina haki hiyo, wewe huna.

Alikuwa fundi rangi mzuri. Halafu unga ukaingia Dundee na kuzoa nusu ya vijana wa rika lake, naye akiwemo. Watu huuliza kwa nini, kwani alikosa nini nyumbani? Mimi nilimuuliza pia, tena kwa kofi. Akaniambia, shavu likiwa bado jekundu, "Dada, mara ya kwanza nilipovuta, miguu yangu ilinyamaza." Miguu ile naijua. Hata akilala inatembea.

Basi, tukapita tulikopita. Tuliuza runinga, tukanunua nyingine, nayo ikauzwa, safari hii si na mimi. Marafiki zake tuliwazika, mmoja mmoja, mpaka nikawa nina koti la mazishi lililochakaa viwikoni. Mwishowe akaingia kwenye methadoni, ile dawa ya kijani inayotolewa badala ya unga, na akadumu nayo miaka kumi na moja. Kila asubuhi ilibidi aende duka la dawa la Bi Rukhsana Bashir, kule chini karibu na kituo cha basi, asimame kwenye kona yake mwisho wa kaunta, anywe mbele ya macho ya mwenye duka.

Sasa kuna jambo hapa lazima ulielewe. Ukishakunywa methadoni, unapewa maji, halafu unatakiwa useme kitu. Ndiyo utaratibu, kwa sababu wapo wanaoibana dawa mdomoni, wakatoka nje, wakaitema kwenye kikombe na kumuuzia mwenzao. Jamani, ndiyo, watu hununua. Mtu mwenye arosto, mwili unaolilia dawa, hachagui. Kwa hiyo mwenye duka anataka asikie sauti, ajue mdomo ni mtupu. Lakini sisi watu wa Dundee tuna neno letu, "eh." Ndiyo ni eh. Mimi ni eh. Jicho nalo ni eh. Mtu anaweza kuoa na kuzeeka hapa kwa eh tupu, na eh hutoka vizuri tu hata mdomo ukiwa umejaa mpaka juu. Bi Rukhsana kazaliwa hapa hapa, baba yake ndiye aliyelifungua lile duka, anatujua kuliko tunavyojijua. Siku ya kwanza kabisa Struan alikunywa, akasema, "Eh."

"Eh siyo neno," Bi Rukhsana akamwambia. "Nipe sentensi."

"Mvua inanyesha."

"Haya, nenda."

Kesho yake Struan akanywa, akasema, "Mvua inanyesha."

"Hiyo ya jana hiyo. Nipe ya leo."

Alirudi nyumbani amefura. Mwanamke gani yule, anamfanya mtu mzima kama mtoto wa darasa la kwanza! Mimi nilicheka mpaka nikakaa chini. Lakini asubuhi iliyofuata alikuwa na sentensi mpya, na iliyofuata nyingine, na kabla sijashtuka, ndugu yangu akawa anatoka nyumbani mapema, anazunguka mitaa miwili mitatu kabla ya kufika dukani, anatafuta cha kusema. Kiguu na njia yule yule, ila sasa kiguu kina kazi. "Shakwe amempokonya polisi pai mkononi, na polisi ndiye aliyeomba radhi." "Babu wa ghorofa ya tatu amempa paka wake jina la mke wake wa kwanza, na wa pili hajui." "Leo viwanja vyote viwili vya mpira vimefungwa na mtaa una amani kama kanisa." Nyingine alizijaribu kwangu jikoni.

"Sikiliza hii, Una."

"Sitaki. Nachelewa kazini."

"Sekunde tu!"

"Kamwambie mkeo wa dawa!"

Ndivyo tulivyokuwa tukiongea. Mimi nauza kwenye duka la mikate la Mzee Wull Geekie, ninasimama kaunta siku nzima nikiwasikiliza wateja, na nikirudi nyumbani sitaki kusikia hata redio.

Kitu kimoja tu kilikuwa kikiniuma. Struan hakuweza kushika kazi. Kazi za mikono zinaanza alfajiri, na duka la dawa linafungua saa tatu. Bosi gani atamngoja fundi ambaye kila siku lazima aende kusimama kwenye kona ya kaunta? Akiajiriwa Jumatatu, Ijumaa yuko nyumbani, anapanda na kushuka ngazi kama kuku anayetafuta pa kutagia. Miaka kumi na moja! Nilimwona akizeeka kwenye foleni.

Ndipo akaja Daktari Fenella Auchterlonie. Ni mtafiti wa ubongo, mwanamke mrefu mwenye sweta iliyotoboka, na anaongea na wewe kama vile hana haraka. Alikuwa akitafuta watu waliokaa na methadoni miaka mingi, awape dawa nyingine ya sindano, moja kila mwezi, chini ya ngozi ya tumbo. Kabla ya sindano na baada yake, angewapiga picha za ubongo kwa ile mashine ya sumaku, aone nini kinabadilika. Nilikwenda na Struan, sikumwacha aende peke yake akaitikie eh kwa kila kitu.

"Hii dawa inafanya nini hasa?" nikamuuliza.

"Kwenye ubongo kuna vipokezi," akasema. "Heroini inavikalia vyote na kuvipigia kelele. Dawa hii inavikalia pia, ila kimya kimya, na haiondoki kirahisi. Heroini ikija, inakuta viti vimejaa."

"Kama Mzee Geekie pale baa," nikasema. "Glasi moja jioni nzima, na hakuna anayethubutu kukalia kiti chake."

Alicheka kweli. Struan alikuwa amekwisha simama, yuko dirishani, yuko mlangoni, yuko dirishani tena.

Lakini daktari hakutuficha. Alisema sindano ya kwanza itamshika mwezi mmoja. Asipochomwa ya pili, dawa itakuwa inapungua mwilini taratibu bila yeye kujua, na mwili utakuwa umesahau ule uwezo wa zamani wa kuhimili unga. Siku akijaribu vile vidonge vya bluu vinavyouzwa mtaani, ambavyo hakuna ajuaye nani kavipika wala kwa kitu gani, anaweza asiamke. Nilimtazama Struan alipokuwa akisikia hayo. Alikuwa anahesabu vigae vya dari. Basi mimi nikajiwekea jambo moja tu kichwani: ndugu yangu afike kwenye sindano ya pili. Akishafika hapo, nilijiambia, mengine yatajipa.

Na kazi nikamtafutia mwenyewe. Nilimwendea Mzee Geekie nikamwambia jikoni kwake anahitaji mtu, na mtu ninaye.

"Yule ndugu yako?" akasema. "Yule asiyetulia?"

"Jikoni kwako kuna mtu ametulia?"

"Akiniibia, Una, nakukata mshahara wewe."

"Nikate."

Kuhama kutoka methadoni kwenda kwenye ile sindano si mchezo. Lazima kwanza methadoni itoke, yaani mtu akae na arosto yake mikono mitupu mpaka mwili uanze kulia, ndipo aanzishiwe dawa mpya. Ukiiwahisha, inamgeukia vibaya sana. Siku ile ya kungoja nilichukua ruhusa. Loo, nisingependa kuiona tena. Alipiga miayo mpaka taya likalia. Ngozi yake ilisimama kama ya kuku aliyenyonyolewa, pua inachuruzika, anavaa koti, anavua, analivaa. Alishuka ngazi zote kwa miguu na kuzipanda tena, mimi nyuma yake na chupa ya maji, majirani wanafungua milango kuangalia. "Mazoezi," nikawaambia. Wakafunga. Saa za mchana zilikuwa haziendi. Kila nilipoangalia saa, nilidhani betri imekufa. Mara moja aliketi ngazini, akashika magoti yake kwa mikono miwili ili yasiruke, akasema, "Una, nikimbilie wapi?" Nikakaa naye tu.

Wakamwanzishia. Wakamchoma. Kwa wiki moja mimi nilikuwa naimba kazini.

Bwana, mtu kaamka! Anaamka alfajiri, tunatoka pamoja, mimi na yeye kwenye basi moja, ana chakula chake kwenye kimfuko. Anakata unga wa mikate, anajaza pai, anabeba trei. Wenzake walimpenda haraka kwa sababu Struan hawezi kusimama, na jikoni kwa Mzee Geekie kusimama ni dhambi. Nilidhani tumefika.

Ila wiki ya pili nikaanza kuona mambo. Bafuni kwetu kuna glasi ya miswaki. Siku hiyo ilikuwa na miswaki mitano, na sisi tuko wawili. Kabati la juu nikakuta plasta, boksi juu ya boksi, na dawa za mafua, na hakuna mwenye mafua.

"Hii miswaki ya nani?"

"Yetu."

"Una midomo mingapi wewe?"

"Si ilikuwa imepungua bei?"

Nikaacha. Miswaki si unga. Lakini na miguu ikarudi upya, tena vibaya. Chakula cha jioni alikula akiwa amesimama. Alifungua dirisha, alifunga dirisha. Nilimuuliza kama anatamani kitu, akasema hapana, hatamani, hilo ndilo linalomshangaza, hatamani kitu chochote na bado kuna kitu. Nikamwangalia mboni za macho kama nilivyofanya miaka yote, maana mboni hazidanganyi. Zilikuwa sawa. Nikamwangalia tena kesho yake, na kesho yake.

Wiki ya tatu tukarudi kwa Daktari Fenella kwa picha ya pili. Ndani ya ile mashine mtu anatakiwa alale kama maiti, asitikise hata kidole, huku juu ya macho yake zinapita picha. Nyingine ni za sindano, karatasi ya fedha, poda. Nyingine ni za kawaida, zimewekwa katikati ili ubongo upumzike: kiti, ua, mbwa, maduka ya mtaani. Mimi nilikaa upande wa kioo, roho mkononi, nikiomba miguu ya ndugu yangu isiharibu kazi ya watu. Ilitikisika, wakarudia. Ikatikisika, wakarudia.

Baadaye Struan akasisitiza aonyeshwe. Daktari akamwekea kwenye kompyuta.

"Hapa tulikuonyesha sindano," akasema. "Angalia, karibu hakuna kitu. Mwezi uliopita hapa palikuwa panawaka. Hongera, Struan."

Mimi nilitaka kupiga vigelegele.

"Na hapa?" Struan akauliza. Palikuwa na doa la rangi ya chungwa, kali.

Daktari akakuna kichwa. "Hapo ndipo nashindwa. Hii ilikuwa picha ya kupumzikia. Kaunta tu. Mwanafunzi wangu aliipiga mtaani, ni kaunta ya duka la dawa."

Nikadakia. "Methadoni! Anaitaka methadoni yake!"

"Siwezi kusema hivyo, Una," akasema polepole. "Watu hudhani dopamini ni kemikali ya raha. Mara nyingi ni ya kungoja. Inapanda kabla, mtu anapodhani kuna kitu kinakuja. Picha hii inaniambia kwamba anangoja. Anangoja nini, mashine haijui. Struan, wewe unajua?"

Struan alikuwa amekwisha vaa koti. "Tunachelewa basi," akasema.

Njiani nilimshambulia maneno. Nilimwambia akirudi kwenye ile foleni nitamfunga kwa kamba kitandani. Hakunijibu hata eh.

Sasa ikafika siku yenyewe ya sindano ya pili. Ilikuwa Alhamisi, miadi saa nane mchana, na Mzee Geekie alishatupa ruhusa sote wawili. Asubuhi ile kulikuwa na oda kubwa ya bridi, trei na trei, kwa ajili ya sherehe ya wazee wa klabu. Bridi ni zile nyama zetu zilizokunjwa ndani ya unga kama sambusa nene, na mtoto wa Dundee anajua kabla hajajua kufunga kamba za viatu: tundu moja juu, haina kitunguu, matundu mawili, ina kitunguu. Basi. Hakuna karatasi wala kibao, tundu ndiyo lugha. Watu hapa wamegombana na wakwe zao kwa ajili ya tundu.

Struan alitoboa zote kinyume.

Iligundulika trei zilipokuwa zimekwisha toka motoni. Nilikuwa mbele na foleni mpaka mlangoni, nikasikia sauti ya Mzee Geekie ikitikisa vioo.

"Struan! Hebu niambie hii ni nini!"

"Bridi."

"Ya nini?"

"Ya... haina kitunguu."

Mzee akaivunja katikati. Mvuke na harufu ya kitunguu vikatufikia hata sisi kule mbele. Mteja wangu mmoja akafunika mdomo.

"Macho yako yako wapi, mtu wewe? Nimekupa kazi ya kutoboa matundu! Moja, mawili! Kuku angeweza!"

Nilidhani Struan atamrudishia, maana ana mdomo. Wapi! Nilimwona kupitia dirisha la duka akipita nje bila aproni, bila koti, mvua inamnyeshea, hanitazami. Nikamwachia mteja pai yake mkononi bila kuifunga, nikatoka.

Watu wananiona nina kilo zangu, lakini siku ile nilikimbia. Nilikwenda kwenye njia ya chini ya barabara, pale wanaposimama wauza vidonge, nikamkuta mwanamke mmoja ninayemjua tangu shule, Senga, meno yamemwisha.

"Umemwona Struan?"

"Amepita."

"Amechukua?"

Akaangalia viatu vyake. "Una, mimi sitaki ugomvi."

"Senga, amechukua?"

"Viwili. Vya bluu. Akaelekea mtoni."

Sikufikiri juu ya kazi, wala oda, wala Mzee Geekie. Nilifikiri juu ya ile dawa ya kupuliza puani inayomrudisha mtu akizidisha, naloksoni. Yetu iko nyumbani, ghorofa ya kumi na moja, na lifti zetu unazijua, leo zima kesho mbovu. Karibu zaidi ni kwa Bi Rukhsana. Nikageuka, nikakimbia kwenda kwa Bi Rukhsana, nikisema peke yangu njiani kama mwendawazimu, asilale, asilale mahali, Mungu wangu, asilale.

Nikausukuma mlango. Na hapo kwenye foleni, wa tatu kutoka kaunta, maji yanamtiririka mpaka sakafuni, amesimama ndugu yangu na mswaki mkononi.

Nilitaka kumkumbatia na kumnyonga. Nikamkamata ukosi.

"Umemeza?"

"Hapana."

"Fungua mkono!"

Akafungua ule mwingine. Viwili, vya bluu, vimelowa kidogo, rangi imeanza kumshika kiganjani. Nikamwangalia mboni, akageuza uso. Bi Rukhsana akatoka nyuma ya kaunta na koti lake jeupe.

"Dada Una, taratibu. Njooni huku pembeni."

"Taratibu nini! Mtu amekuja kwako mwezi mzima ananunua miswaki! Glasi yangu imejaa! Hukuona kitu?"

"Niliona."

"Sasa?"

"Sasa nifanyeje?" Naye alikuwa amepandisha. "Ameondoka kwenye kona yangu, amekuwa mtu wa kazi, anakuja kama mteja yeyote. Nimuulize mbele ya watu, Struan, leo una nini cha kuniambia? Si ningekuwa namrudisha kule kule? Kila siku alikuwa anasimama hapa na mswaki, ananitazama, na mimi ulimi unaniwasha, nikamwacha aende. Nilinyamaza kwa heshima yake."

"Na mimi nilinyamaza," Struan akasema, "kwa sababu hukuuliza."

Nyuma yetu kulikuwa na mzee mmoja na kofia yake ya sufu. "Mimi nataka dawa ya kikohozi tu," akasema, "lakini endeleeni."

Bi Rukhsana akarudi nyuma ya kaunta yake. Akaweka mikono miwili juu ya kioo.

"Haya," akasema. "Nauliza."

Miguu ya Struan ilikuwa inacheza, maji yanachuruzika viatuni. Mimi nilikuwa nimeshika ukosi wake bado. Halafu akasema:

"Nimenunua hivi asubuhi, nimetembea navyo mpaka mtoni na kurudi, na sijavimeza kwa sababu nilitaka kwanza nije nikwambie kwamba nimetoboa bridi zote za wazee wa klabu kinyume, yaani zote, mpaka ya mwisho, na wakiziuma leo kutakuwa na vita."

Mzee wa kikohozi alicheka mpaka kikohozi chenyewe kikaja. Bi Rukhsana naye mdomo ulimcheza, ila macho yalikuwa yamelowa. Akanyoosha mkono. Struan akaweka vidonge kwenye kiganja chake, naye Bi Rukhsana akavitia kwenye kopo la dawa za kuteketezwa, akarudi.

"Kesho?" akamuuliza.

"Kesho niko kazini mpaka saa saba. Kama sijafukuzwa."

"Sisi tunafunga saa kumi na mbili," akasema, akamnyang'anya mswaki na kuurudisha mahali pake.

Tukatoka. Nilishikwa na wivu, na ninausema bila kupepesa. Mimi ndiye niliyemlisha, nimemfulia, nimelala na simu kifuani miaka yote ile, na kumbe mtu wa kumrudisha kutoka mtoni ni muuza dawa na swali lake moja! Tulikuwa tumevuka barabara nilipomgeukia.

"Kwa nini hukuja kuniambia mimi? Niko pale pale kaunta! Hatua kumi kutoka jikoni!"

"Wewe huulizi, Una. Wewe unakagua. Nikifungua mdomo unaniangalia macho."

"Na yeye je? Alikuwa anakagua kama umemeza!"

"Siku za mwanzo," akasema. "Baadaye alikuwa anasikiliza."

Tukaenda hivyo hivyo mpaka kwa Daktari Fenella. Saa nane ilikuwa imepita, lakini walitungoja. Muuguzi alimlaza Struan kitandani, akapandisha shati, akamwambia asitikisike, kwa maana sindano ile ni nene na dawa yake ni nzito. Magoti yakaanza. Muuguzi akangoja, akajaribu, akangoja tena. Struan alikuwa anatoka jasho, anatazama mlango, na mimi nilijua kabisa anavyopima umbali kutoka pale mpaka nje. Niliburuta kiti nikakaa karibu na kichwa chake. Macho yangu yakaenda yenyewe kwenye mboni zake, kwa mazoea, naye akayaona yakienda, akafumba yake.

Nikageuza kiti. Nikatazama dirishani, kwenye maegesho ya magari, hapakuwa na cha kuona.

"Haya," nikasema. "Hizo bridi. Ilikuwaje hasa?"

Nikamsikia akivuta pumzi. Halafu akaanza, mwanzo kwa kigugumizi, jinsi alivyoshika kile chuma cha kutobolea alfajiri huku akiwaza habari ya mwanamke mmoja aliyemwona kwenye basi akimvisha mbwa miwani, na jinsi alivyoona habari ile ni nzuri mno kuachwa iozee kichwani, akawa anaipanga maneno, anaipanga, huku mkono unatoboa, mawili, moja, mawili. Nilitazama magari. Sikugeuka hata mara moja. Alikuwa amefika pale Mzee Geekie anapovunja bridi, na amekwisha anza kuigiza sauti yake, muuguzi aliposema tayari, ameshachoma.